Mali Bila Daftari: Deni la Ndege ni Letu, Hesabu Zake ni za Nani?

Wananchi wenzetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nanyi nyote mnaosimama nasi katika kudai utawala wa haki:

Wazee wetu wa Pwani, waliofanya biashara ya majahazi karne nyingi kabla ya nchi hii kuitwa Kenya, walituachia usemi usiochakaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Nahodha alipotia nanga alikuwa na hesabu ya kumpa kila mtu aliyeweka mzigo wake chomboni. Hakuruhusiwa kusema tu kwamba bahari ilichafuka, kisha akaenda zake nyumbani kulala. Leo twautumia usemi huo kupimia chombo kingine, kile kipitacho juu ya mapaa ya Changamwe kikiwa na jina la nchi yetu ubavuni. Twazungumzia shirika la ndege la Kenya Airways.

Twajua wako watakaouliza: mambo haya yamhusu nini mama wa Likoni anayesubiri feri alfajiri, au kijana wa Kisauni anayetafuta kibarua? Huenda wasiipande ndege hiyo maisha yao yote. Jibu letu ni fupi. Yawahusu kwa sababu wanailipia. Kila wanaponunua sabuni au muda wa simu, sehemu ya fedha yao huingia Hazina, na Hazina ndiyo iliyosimama kuwa mdhamini wa madeni ya shirika hilo. Anayelipa ana haki ya kuona daftari. Hilo ndilo neno letu lote katika waraka huu.

Tuanze mwanzo, maana asiyejua alikotoka hawezi kuhoji anakopelekwa. Tarehe 1 Januari 1946 lilianzishwa shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo za de Havilland, likakua hata likawa na Super VC10 zilizoruka hadi Ulaya. Kisha ndugu wakaanza kugombana: nani amechanga, nani hajachanga, nani anamdai nani. Mapema mwaka 1977 shirika likaanguka, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya haukutiwa saini hadi mwaka 1984, huko Arusha. Miaka saba ilipotea katika kutafuta hesabu ambazo zingalikuwa wazi tangu awali.

Juu ya magofu hayo ndipo ilipoundwa Kenya Airways, Januari 1977, nayo ikaanza kuruka Februari 4 kwa ndege mbili za Boeing 707 za kukodi. Ilikuwa mali ya serikali kwa asilimia mia moja. Hapo ndipo ugonjwa wa kwanza ulipoingia. Shirika lilikuwa mali ya serikali, na serikali yenyewe ikawa mali ya chama kimoja. Mwaka 1982 chama kingine chochote kikapigwa marufuku kwa sheria. Nani basi angethubutu kusimama na kuuliza hasara imetoka wapi? Mwanahisa alikuwa mmoja tu, na mwanahisa huyo hakuwa na desturi ya kuulizwa. Kufikia mwaka 1986 serikali yenyewe ilikiri katika Waraka wa Bunge Nambari 1 kwamba mashirika ya umma yalikuwa mzigo.

Mwaka 1991 ndio uliofungua dirisha. Novemba, wafadhili waliokutana Paris walizuia misaada mipya. Desemba, Kifungu cha 2A kikaondolewa na vyama vingi vikarudi. Katika mwaka huo huo bodi mpya ya shirika chini ya Philip Ndegwa ilikabidhiwa kazi ya kulitayarisha kwa ubinafsishaji. Haikuwa bahati nasibu kwamba mambo hayo yalikuja pamoja. Mahali ambapo hakuna wa kuuliza, hata ndege hairuki sawasawa.

Matunda yakaonekana. Mwaka 1996 shirika la KLM la Uholanzi lilinunua asilimia 26 kwa dola milioni 26, na wananchi wakauziwa hisa kwa shilingi 11.25 kila moja. Wakenya zaidi ya laki moja walitoa akiba zao wakanunua. Mgala muue na haki mpe: kwa miaka kadhaa shirika hili lilitutoa kimasomaso. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 lilipata faida ya shilingi bilioni 4.8, na mwaka 2006 hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 11.25 ilivuka shilingi 100. Na tulipofiwa, tulifiwa sote. Ndege yake ilipoanguka baharini nje ya Abidjan Januari 2000 wakafa watu 169, na nyingine ilipoanguka Douala Mei 2007 wakafa watu 114, makanisa na misikiti yetu iliomboleza kama ya jamaa mmoja. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sisi ni maadui wa shirika hili. Marubani, mafundi na wahudumu wake ni watoto wetu. Twawadai wale wanaokaa mezani na kutia saini.

Kisha wakubwa wakaota ndoto kubwa. Ulitangazwa mpango wa miaka kumi ulioitwa Mawingu, wa kuongeza ndege na miji hata kufikia mwaka 2021. Mwaka 2012 wanahisa waliombwa kuchanga zaidi ya shilingi bilioni 20, kwa bei ya shilingi 14 kwa hisa. Zikapatikana kama bilioni 14.5. Ndege mpya zikaja, madeni nayo yakaja. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Mwaka uliofuata, bilioni 26.2. Ukaja ugonjwa wa Korona, na mwaka 2020 hasara ikawa bilioni 36.2. Mwaka 2022 ikawa bilioni 38.3.

Hatukatai kwamba upepo ulikuwa mkali. Ugaidi uliwafukuza watalii, Ebola ikafunga njia za Afrika Magharibi mwaka 2014, bei za mafuta zikapanda na kushuka, na mashirika ya Ghuba na Ethiopia yakawachukua abiria. Lakini nahodha mwenye daftari huonyesha ni mzigo gani ulizama kwa dhoruba, na ni mzigo gani ulizama kwa kujaza chombo kupita kiasi. Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Profesa Anyang' Nyong'o, na wakaguzi wakaitwa kuchunguza vitabu. Pamoja na hayo yote, mwananchi wa Changamwe hajakabidhiwa jibu lililo wazi: ni nani aliyeamua, kwa ushauri wa nani, na kwa masharti gani.

Sasa tufike kwenye kiini. Novemba 2017 madeni ya shirika yalipangwa upya. Serikali, iliyokuwa na asilimia 29.8 ya hisa, ikapanda hadi asilimia 48.9. Mabenki yaliyokuwa yakidai yakapewa hisa badala ya fedha, asilimia 38.1. KLM ikashuka hadi 7.8. Wafanyakazi wakapata 2.4. Na wale wananchi wadogo waliotoa akiba zao mwaka 1996, pamoja na wengine wote, wakaachiwa asilimia 2.8. Pamoja na hayo, serikali ilitoa udhamini wa madeni wa dola milioni 750.

Itazameni hesabu hiyo vizuri, enyi wapenda haki. Asilimia 48.9! Ni pungufu kidogo ya nusu. Lau serikali ingekuwa na zaidi ya nusu, hakuna mtu angebisha kwamba hili ni shirika la umma, linalopaswa kukaguliwa kama mashirika mengine ya umma. Kwa kuwa ni pungufu ya nusu, husemwa kwamba hii ni kampuni ya watu binafsi, na mambo yake ni siri za biashara. Kukiwa na deni, ndege ni ya taifa. Kukiwa na swali, ndege ni ya kampuni. Popo alipotakiwa kulipa kodi ya ndege alisema yeye ni mnyama, na alipotakiwa kulipa kodi ya wanyama akaonyesha mbawa zake. Sisi ndio tunaolipa kodi zote mbili.

Tuulizane jambo dogo. Wengi wetu tu wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, pale kazini au kanisani. Jirani akija kukuomba umdhamini mkopo, wewe humuuliza nini? Humuuliza anapata mshahara gani, ana madeni mangapi, na mkopo huo ni wa kazi gani. Akikujibu kwamba hizo ni siri zake, wewe huweka kalamu chini. Hata mkeo au mumeo hatakusamehe ukitia saini gizani. Basi iweje taifa zima lidhamini mamilioni ya dola kwa saini ya watu wachache, kisha mdhamini akiomba kuona karatasi aambiwe hana haki?

Watatujibu kwamba hesabu za shirika huchapishwa kila mwaka. Ni kweli, na twazisoma. Twajua kwamba mwaka 2024 lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, likisaidiwa na shilingi iliyopata nguvu dhidi ya dola, tulifurahi. Twajua pia kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 lilirudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12, baadhi ya ndege zake kubwa zikiwa zimeegeshwa. Lakini hesabu hizo hutuambia hasara ni kiasi gani. Hazituambii mikataba ya kukodi ndege ilikuwa na masharti gani, ndege nyingine ziliuzwa au kukodishwa kwa bei gani na kwa sababu gani, wala udhamini wetu unaweza kuitishwa lini na kwa jambo gani. Kujua kwamba umeibiwa si sawa na kujua mlango gani uliachwa wazi.

Tena, sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 201, yataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi. Kifungu cha 213 chaagiza serikali kuchapisha ripoti ya udhamini iliotoa, katika miezi miwili baada ya kila mwaka wa fedha kwisha. Kifungu cha 229 champa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu uwezo wa kukagua chombo chochote kinachopata fedha za umma. Hakikusema chombo ambacho serikali ina zaidi ya nusu. Kimesema chochote. Na Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zahitajika kulinda haki yoyote. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yazigusa hata kampuni za binafsi zinazofaidika na fedha za umma. Ngao ya asilimia 48.9 ni ya karatasi, nayo huchanika anaposimama raia aliyesoma Katiba yake.

Wala hatusemi ndoto. Reli mpya iliyofika Miritini mwaka 2017 ilijengwa kwa mikataba iliyofichwa. Khelef Khalifa wa hapa Mombasa na Wanjiru Gikonyo walikwenda Mahakama Kuu, hapa hapa Mombasa, wakadai kuiona mikataba hiyo kwa kutumia Kifungu cha 35. Mei 2022 mahakama iliamua kwamba wananchi wana haki ya kupewa. Kabla mwaka huo haujaisha, serikali mpya ilianza kutoa sehemu za mikataba hiyo hadharani. Ikiwa reli iliweza kufunuliwa, ndege itafichwa kwa kitambaa gani?

Kwetu sisi wa Mombasa bara, jambo hili lina uchungu wa pili. Uwanja wa ndege wa Kimataifa wa Moi uko Port Reitz, katika ardhi ya Changamwe. Zamani ndege za kukodi za watalii zilishuka hapo moja kwa moja kutoka Ulaya, na mahoteli ya Bamburi, Shanzu na Likoni yalikuwa na kazi. Agosti 1997 machafuko ya Likoni yaliwafukuza wageni. Novemba 2002 ilishambuliwa hoteli ya Kikambala, na makombora yakarushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wetu; Mungu akaiepusha. Tangu hapo tumekuwa tukijikongoja.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, hakuna ndege ya safari za kawaida iingiayo nchi ya wenyewe bila idhini. Serikali huandikiana mikataba na serikali nyingine: ndege ngapi kwa juma, na zitue mji gani. Kwa miaka mingi wenye mahoteli na viongozi wa Pwani wamelalamika kwamba mashirika ya kigeni hubaniwa idhini ya kutua Mombasa ili kuilinda Kenya Airways na kituo chake cha Nairobi. Ni kweli kwamba Qatar Airways ilianza kuja Mombasa Desemba 2018, na flydubai Januari 2024. Kila mlango uliofunguliwa umeleta wageni, na umewarahisishia safari vijana wetu waendao kutafuta kazi Ghuba. Ni milango mingapi imebaki imefungwa, na kwa sababu gani? Huenda sababu ni nzuri. Basi zisemwe. Anga iliyo juu ya Port Reitz ni amana ya wananchi wote, na mwenye kushika amana hujibu akiulizwa. Tusifanywe kulipa mara mbili, kwanza kwa kodi zetu, kisha kwa ajira zetu.

Wako wasemao dawa ni kutaifisha. Bunge lilipiga kura ya hivyo Julai 2019. Mwaka uliofuata hisa zikasimamishwa sokoni zikiwa na bei ya shilingi 3.83, zikakaa kifungoni hadi Januari 2025, na utaifishaji wenyewe haukutimia. Wako wasemao dawa ni kuuza kila kitu. Sisi twasema ugonjwa haumo katika jina la mwenye mali. Ethiopian Airlines ni mali ya serikali tupu, nayo imetupita mbali. Kenya Airways ilipata faida ikiwa na mbia wa Kizungu, na ikapata hasara ya kihistoria ikiwa na mbia yule yule. Jirani zetu Tanzania wana shirika lenye hasara pia, lakini Mkaguzi wao Mkuu huzitaja hasara hizo katika ripoti yake na Bunge huzisoma. Hasara inayoonekana yaweza kutibiwa. Ile iliyofichwa huendelea kuoza.

Na tusisahau jinsi siri inavyozaa siri. Mwaka 2019 ulikuwapo mpango wa kuikabidhi Kenya Airways uwanja wa Jomo Kenyatta. Wafanyakazi wakagoma Machi mwaka huo, na mpango ukakwama Bungeni. Mwaka 2024 uwanja huo huo ulikuwa njiani kukabidhiwa kampuni ya Adani ya India, na wananchi wakajua wakati mambo yamekwisha kupikwa. Walikwenda mahakamani, wakapaza sauti, na Novemba 21 mwaka huo mpango ukafutwa. Nani atatuhakikishia kwamba uwanja wa Port Reitz haumo katika faili jingine?

Kwa hiyo twadai mambo manne:

Kwanza, masharti yote ya udhamini uliotolewa kwa Kenya Airways tangu mwaka 2017 yachapishwe, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na kiasi ambacho Hazina imekwisha kulipa kwa niaba ya shirika.

Pili, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikague shirika kwa uwezo aliopewa na Kifungu cha 229, na ripoti ipelekwe Bungeni.

Tatu, mikataba ya anga inayohusu Mombasa iwekwe wazi, na kila shirika la ndege linaponyimwa idhini ya kutua Port Reitz, sababu ziandikwe na zitangazwe.

Nne, mbia yeyote mpya atakayeingia asiingizwe usiku. Masharti yake yaletwe mbele ya wananchi, na kikao kimoja kifanyike hapa Mombasa, upande wa bara.

Nanyi msingoje viongozi. Ombi la kupata habari huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo. Andika jina lako, mahali unapopatikana, na habari unayoitaka. Ipeleke barua kwa Hazina ya Kitaifa, na nakala yake kwa shirika lenyewe. Weka nakala nyingine nyumbani, ikiwa na tarehe. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikataa, rufaa hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Twawasihi wachungaji, makatekista na wazee wa makanisa watenge nusu saa baada ya ibada ya Jumapili, watu waandike barua hizo pamoja, na wale wasiojua kuandika waandikiwe. Majirani zetu Waislamu nao twawakaribisha, kwani deni hili halikuuliza dini ya mtu. Barua moja hutupwa kapuni. Barua elfu moja kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe zitahitaji kapu kubwa mno.

Sote twakijua kile kisa cha wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu ya uwakili wake. Bwana hakumwuliza kama yeye ni wa serikali au wa binafsi, wala kama anashika asilimia 48 au 52. Alimwita kwa sababu mali haikuwa yake. Sisi wananchi ndio bwana katika nchi hii, na Katiba yasema hivyo katika kifungu chake cha kwanza kabisa. Basi na tuite. Daftari lifunguliwe.